Kibuyu cha maziwa: kukiandaa, kukifukiza kwa oloirien na kugandisha mtindi

Mtindi wa kibuyu una harufu ambayo mtindi wa pakiti hauna, na harufu hiyo inatoka kwenye kaa la moto. Wamaasai na Waarusha, kuanzia Longido na Monduli hadi miteremko ya Mlima Meru, husugua kibuyu kwa ndani kwa kijinga (kijiti chenye ncha ya kaa la moto) cha oloirien, yaani mzeituni mwitu, kila kabla ya kutia maziwa mapya. Aliyezoea hamalizi dakika kumi. Huku mjini Arusha wengi wanaojaribu hukwama mahali patatu: kibuyu kilichonunuliwa kwa pupa, kuni isiyo yenyewe, na kijinga kilichoingizwa kikiwa bado kinatoa ndimi za moto.

Kupata kibuyu

Jina lisikuchanganye. Kibuyu hakihusiani na mbuyu wa ubuyu. Ni tunda la mmung'unye, mmea unaotambaa wa jamii moja na maboga na matango. Ukitaka kuotesha mwenyewe, panda mwezi Machi masika yanapoanza, mbegu mbili au tatu kwa shimo, kisha bakiza mche mmoja wenye nguvu. Upandishe kwenye chanja. Tunda linaloning'inia hunyooka shingo, na linalolala chini hupinda, tena ule upande uliogusa udongo huoza upesi.

Usivune kabla kikonyo hakijakauka na kuwa cha kahawia. Kwaruza ganda kwa ukucha: likiacha alama, bado. Tunda lililochumwa changa hunywea likikauka na ganda lake huwa jembamba kama karatasi, na kijinga cha kwanza tu kitalitoboa. Ukishavuna, liweke darini juu ya jiko la kuni, au kivulini penye upepo, mwezi mmoja hadi mitatu kutegemea ukubwa. Ukungu mweusi utaota kwa nje, nawe usihangaike nao, utaukwangua kwa kisu butu baadaye. Cha kuhangaikia ni sehemu inayobonyea kwa kidole. Kibuyu kimekauka pale unapokitikisa na mbegu zikacheza ndani.

Wengi watanunua. Vibuyu vinapatikana kwenye magulio, kama Tengeru siku ya Jumamosi, na kwenye minada ya mifugo kama wa Kisongo, ambako akina mama huvileta pamoja na ugoro na magadi. Hapa kuna mtego mmoja. Vibuyu vingi vinavyopangwa mbele vimetengenezwa kwa ajili ya watalii: vimepakwa vanishi au kiwi ya viatu ving'ae, vimevalishwa shanga, na ndani havijawahi kusafishwa. Uliza bila kuona haya:

"Shikamoo mama. Hivi ni vya maziwa au vya mapambo?"

"Marahaba mwanangu. Hivi vya shanga ni vya wageni. Vya maziwa viko huku nyuma."

Ukishapewa cha maziwa, kikague hivi. Kinuse ndani: kilichotumika kitanukia moshi na siki kidogo, na kibichi kitanukia boga kavu. Harufu ya sabuni, mafuta ya taa au uvundo, kirudishe. Kigonge kwa kifundo cha kidole ukizunguka pande zote; ganda zima hulia kama ngoma ndogo, lenye ufa hulia kwa mkwaruzo. Kiinue juani utazame ndani kupitia mdomoni: nukta ya mwanga ni tundu la bungua, mdudu anayetoboa ganda. Mwisho, kitie maji usimame nacho dakika tano, ukiangalia kitako.

Kwa kuanzia chukua cha lita mbili. Vile vya nusu lita ni vya watoto na wachungaji, na vile vikubwa vya lita tano ni vigumu kuvisugua hadi kitakoni mpaka mkono uwe umezoea. Mdomo uwe na upana wa sentimita nne hadi tano. Ukiwa mwembamba zaidi kijinga hakigeuki ndani, na ukiwa mpana zaidi kifuniko hakibani.

Kutoa uchungu kwenye kibuyu kipya

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo ya hatari. Nyama ya kibuyu ina uchungu unaoitwa kukurbitasini. Kwa kiasi kidogo huharibu ladha ya maziwa, na kwa kiasi kikubwa hutapisha na kuharisha vibaya. Kuchemsha hakuuondoi.

Kata mdomo kwa msumeno wa chuma, taratibu. Panga au kisu kizito hupasua shingo. Funga pua na mdomo kwa kitambaa, maana vumbi la nyama kavu linakereketa koo, kisha vunja nyama ya ndani kwa kijiti kirefu na utikise mbegu zitoke. Tia konzi mbili za changarawe yenye kingo na maji ya moto (yasiwe yanatokota), ziba mdomo kwa kiganja chenye kitambaa, na utikise kwa nguvu. Mwaga, rudia. Endelea mpaka maji yatoke bila nyuzinyuzi.

Baada ya hapo jaza maji safi hadi mdomoni, uyabadilishe kila asubuhi kwa siku tano hadi saba. Kuanzia siku ya tatu onja tone moja kwa ncha ya ulimi, uteme. Uchungu wa kibuyu haujifichi. Unashika nyuma ya ulimi na kukaa. Siku ambayo maji yanaonja kama maji, tia kikombe kimoja cha maziwa, zungusha yaguse ndani kote, yalale usiku mzima. Asubuhi yaonje tena kwa ncha ya ulimi na uyamwage yote, hata paka asipewe. Kibuyu ambacho siku kumi zimepita na bado ni kichungu, kifanye chombo cha kuhifadhia mbegu za maharage. Hakitabadilika.

Kikaushe kwa kukiinamisha juani siku nzima. Kwa nje kipake samli au mafuta ya ng'ombe, kidogo sana, kwa kitambaa. Mafuta ya alizeti usipake: yakikauka hugeuka kama gundi na kunasa vumbi. Mkanda wa kukibebea uwe wa ngozi, upite chini ya kitako, kwa sababu kibuyu chenye maziwa kikishikwa shingo peke yake siku moja kitakuachia shingo mkononi. Kifuniko ni kofia ya ngozi, au kikombe kilichokatwa kwenye kibuyu kingine kidogo.

Mti wenyewe

Oloirien ni mzeituni wa porini, kitaalamu Olea europaea, ndugu wa karibu kabisa wa mzeituni unaotoa mafuta ya kupikia, ila matunda yake ni madogo na nyama yake ni kidogo mno. Hupenda misitu mikavu ya milimani, kama Monduli, Longido, upande mkavu wa Meru na magharibi mwa Kilimanjaro. Kata ya Oloirien mjini Arusha ina jina lile lile la mti huu. Mbao yake ni nzito, imejaa mafuta, na ikiungua hutoa kaa gumu lisilobomoka ovyo na moshi mtamu. Ndiyo maana wafugaji huichagua kuliko nyingine.

Kuitambua: majani ni membamba, marefu kama kidole, yamepangwa mawili mawili yakitazamana. Juu ni kijani kinachong'aa. Geuza jani utazame tumbo lake. Tumbo la oloirien ni la rangi ya fedha au dhahabu iliyofifia, kama limepakwa vumbi. Vunja jani: hakuna utomvu mweupe.

Hilo la utomvu lishike sana. Katika maeneo hayo hayo huota olmorijoi, ambao kwa Kiswahili huitwa msunguti, mti unaochemshwa ili kupata sumu ya mishale. Nao una majani ya kijani kinachong'aa yanayotazamana, lakini ni mapana na magumu kama ngozi, pande zote mbili ni kijani, na ukiuvunja hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Ukikuta kijiti kikavu kisicho na majani na hujui kimetoka mti gani, kiache. Kukisia hapa ni kucheza na roho za watu.

Kata kutoka kwenye tawi lililokwisha kukauka au lililoanguka. Mti huu hukua taratibu mno, na watu wanaukata kwa mkaa, nguzo na vinyago, hivyo anayeangusha mti mzima kwa ajili ya kibuyu anawaibia wanaokuja. Tawi moja lenye unene wa mkono hutoa vijiti vya kutumia miezi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuokota kuni hakuruhusiwi kabisa, na kwenye misitu ya serikali unahitaji kibali. Njia rahisi kwa mkazi wa mjini ni kununua fungu la vijiti kwa mama yule yule aliyekuuzia kibuyu, kwa kuwa kwao ni bidhaa ya kawaida.

Kijiti kizuri kina urefu wa sentimita 50 hadi 60, unene wa kidole gumba, na kimenyooka. Kianike kivulini wiki mbili. Kibichi hutoa povu na maji kwenye ncha, na moshi wake ni mzito na mchungu.

Ukikosa oloirien, mgunga mkavu hutoa kaa safi, ingawa harufu yake ni ya kawaida tu. Kenya, Wakalenjin hutumia senetwet kwa maziwa yao ya mursik, nayo ina ladha yake tofauti. Oltarakwai, yaani mtarakwa, unanukia vizuri kwenye kuni za kuota moto lakini maziwa yake huonja kama penseli. Mkaratusi na msonobari usivitumie, kwani mafuta na utomvu wake haviondoki mdomoni. Mnyaa, ambao Wamaasai huuita emanyara na ambao umezunguka bustani nyingi kama uzio, hata moshi wake huumiza macho, usiukaribishe jikoni. Vipande vya mbao za fundi seremala vilivyotiwa dawa au rangi navyo ni vivyo hivyo.

Kufukiza

Andaa vitu kabla ya kuwasha: kibuyu kikavu kabisa, vijiti viwili vya oloirien, kifuniko, brashi, na beseni la kumwagia makaa. Brashi ya asili ni nywele za mkia wa ng'ombe zilizofungwa kwenye kijiti, au nyuzi ngumu za mmea. Ile ya nailoni ya kuoshea chupa inafaa, mradi usiiingize kibuyu kikiwa cha moto.

Kibuyu kikavu maana yake kimekaa juani angalau nusu siku baada ya kuoshwa. Kikiwa na unyevu, kaa linazimika, na unga wake unageuka tope linaloganda kwenye ganda. Huo ndio mwanzo wa maziwa yenye chembe nyeusi.

Ingiza ncha za vijiti vyote viwili motoni. Jiko la mkaa linatosha kabisa, na kwa mkazi wa mjini ni bora kuliko mafiga kwa sababu halina ndimi za moto. Jiko la gesi halifai. Kijiti kitawaka badala ya kuiva. Subiri dakika kumi hadi kumi na tano, mpaka sentimita nane au kumi za ncha ziwe jekundu zima, si jekundu kwa nje na jeusi katikati. Ukikitoa na kikashika moto, kipunge hewani mpaka mwali ufe na moshi mweusi uishe. Kinachobaki ni kaa linalong'aa na moshi mwembamba wa rangi ya samawati. Hapo ndipo kimeiva.

Ndimi za moto zina madhara mawili. Zinababua ganda, na zinaacha masizi na lami ambayo huingia kwenye maziwa. Lami na masizi ya kuni vina kemikali zinazohusishwa na saratani, kwa hiyo kibuyu kilichofukizwa vizuri ni kile chenye kaa jingi na moshi kidogo. Kuna wanaodhani moshi ukifuka mpaka mlangoni ndiyo ustadi. Jirani tu ndiye anayefaidi.

Piga kijiti kwenye ukingo wa jiko mara moja jivu lianguke. Shika kibuyu mkono wa kushoto kikiwa kimelala, mdomo ukiwa juu kidogo tu kuliko kitako. Kikisimama wima makaa yataporomokea kitakoni yakae hapo hapo na kutoboa shimo. Ingiza kijinga hadi mwisho, kigandamize kwenye ukuta, kivute kuelekea shingoni, huku mkono wa kushoto ukikizungusha kibuyu robo kwa robo. Utasikia kaa linavunjika ndani kama mtu anatafuna bisi. Usikae mahali pamoja zaidi ya pumzi moja. Mara kwa mara weka kiganja kwa nje: mahali ambapo kiganja hakivumilii, hama upesi.

Ncha ikiwa nyeusi, irudishe motoni na uchukue kijiti cha pili. Vijiti viwili vikipokezana, mzunguko mmoja unatosha kwa kibuyu cha lita mbili kilichokwisha kuzoea. Sasa ziba mdomo kwa kifuniko na ukitikise huku na huku nusu dakika, ili unga wa kaa ufike kwenye mabega na kwenye kona ya kitako ambako kijiti hakifiki. Fungua ukiwa umegeuza uso, acha moshi utoke, mwaga makaa kwenye beseni. Gonga kitako kwa kiganja. Kikipoa kiasi, ingiza brashi uzungushe, ukung'ute, uzungushe tena.

Kipimo cha kumaliza ni kidole. Pitisha ndani ya shingo: kikitoka na kivuli cha kijivu, tayari, kikitoka cheusi cha kupaka ukuta, endelea na brashi. Unga mwembamba unaobaki ni wa kawaida, na ndio huyapa maziwa rangi ya majivu iliyofifia ambayo mgeni huitazama mara mbili kabla ya kunywa. Funika kibuyu robo saa kipoe pamoja na harufu yake.

Kibuyu kipya kabisa hufukizwa mizunguko mitatu kwa siku, siku mbili mfululizo, kabla ya kupokea maziwa yake ya kwanza. Usipitilize. Ganda hunyonya moshi, na likishanyonya kupita kiasi, mtindi wa mwezi mzima utakuwa na ladha ya chungu cha makande kilichoungua.

Kinachofanyika ndani si uganga. Joto la kaa hukausha vitundu vya ganda na kuua vijidudu vya juu juu, moshi una fenoli zinazozuia vijidudu vya kuozesha, na unga wa kaa hunyonya harufu za maziwa ya jana. Lakini kibuyu hakitakasiki kama chupa iliyochemshwa. Ndani ya vitundu vyake hubaki bakteria wa kuchachusha, na hao ndio hugandisha maziwa hata pasipo kutiwa mbegu ya mtindi, yaani mtindi wa jana wa kuanzishia. Kibuyu cha zamani hugandisha haraka kuliko kipya kwa sababu hiyo.

Maziwa

Kienyeji maziwa hutiwa mabichi, moja kwa moja kutoka kwa ng'ombe. Hapo tunapendekeza uachane na kienyeji. Maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na moshi wa oloirien hauviui. Ladha ya kibuyu haipotei ukichemsha, kwa kuwa tangu mwanzo haikutoka kwenye maziwa.

Chemsha yapande, kisha punguza moto yaendelee kutokota dakika tatu huku ukikoroga. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kwenye nyuzi 95 tu, kwa hiyo usiepue mara tu povu linapopanda. Yaache yapoe hadi yawe vuguvugu, nyuzi 35 hadi 40. Bila kipimajoto, tone likidondoka kwenye kifundo cha mkono usilisikie kuwa la moto wala la baridi. Yakitiwa ya moto, mbegu ya mtindi hufa; ya baridi, hulala.

Kwa kila lita koroga vijiko vitatu vya chakula vya mtindi mzuri wa jana. Mimina kwenye kibuyu hadi robo tatu tu. Ile robo iliyobaki ni nafasi ya kutikisa na ya hewa inayotoka maziwa yakichachuka. Funika bila kukaza, kiweke kisimame mahali pasipo na upepo, na usikiguse. Kukichungulia na kukitikisa kila saa hukata mgando ukawa majimaji.

Wakati wa joto, Januari au Februari, mtindi huwa tayari kwa saa 18 hadi 24. Juni na Julai, Arusha ikiwa ya makoti, hesabu saa 36 hadi 48, na kibuyu kivishwe blanketi au kilale karibu na jiko. Kwenye kibuyu kilichozoea unaweza kupunguza mbegu ya mtindi hadi kijiko kimoja. Ukiwa tayari, tikisa kwa nguvu mara ishirini hivi mgando uvunjike, kisha mimina. Ukikaa siku tatu nne unazidi kuwa mkali, na wazee wengi hapo ndipo wanapoupenda. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe.

Yanapokwenda kombo

Mtindi mchungu kwenye kibuyu kipya ni uchungu wa ganda: acha kuutumia, rudi kwenye kuloweka. Mtindi unaokereketa kama moshi wa sigara umetokana na kijinga kilichokuwa kinawaka au kijiti kibichi. Osha kwa maji ya moto mara tatu, anika siku mbili, na safari ijayo fukiza nusu ya ulivyozoea.

Mgando wenye vitundu vingi kama sponji, kifuniko kikiwa kimesukumwa juu na harufu ikiwa ya zizi, ni dalili ya uchafu, ama wa maziwa ama wa kibuyu. Mwaga. Vivyo hivyo mtindi unaovutika kama mlenda au wenye madoa ya waridi au kijani. Kuuchemsha ili kuuokoa ni kupoteza kuni.

Maziwa ambayo siku mbili zimepita na hayajaganda, ingawa hali ya hewa ni nzuri na mbegu ya mtindi ilikuwa hai, mara nyingi yametoka kwa ng'ombe aliyechomwa sindano. Dawa za kuua bakteria, kama oksitetrasaiklini, hupita kwenye maziwa na kuua bakteria wa mtindi vilevile. Muulize muuza maziwa, na usikubali jibu la haraka. Kila chupa ya dawa hiyo imeandikwa siku ambazo maziwa hayatakiwi kunywewa, na anayeuza ndani ya siku hizo anajua.

Maji ya kijani-njano yanayojitenga juu hayana ubaya. Mtindi umekaa sana au ulikuwa kwenye joto. Tikisa vichanganyike.

Kibuyu kikipata ufa mfupi kinashoneka. Toboa vitundu vidogo pande zote mbili za ufa, sentimita moja kutoka ukingoni, kwa sindano ya moto na si msumari wa kugongea. Shona kwa uzi mwembamba wa ngozi uliolowekwa, ukaze. Ukikauka utajibana wenyewe. Kisha ziba kwa nta ya nyuki kwa nje. Kuanzia siku hiyo kijinga kipite mbali na mshono, la sivyo nta itayeyuka na kuvuja. Ufa uliofika kitakoni haushoneki ukadumu.

Kuhusu usafi wa kila siku: mtindi ukiisha, suuza papo hapo kwa maji ya vuguvugu, halafu ya moto, tikisa na changarawe safi kama kuna utando, na uinamishe juani. Sabuni marufuku. Ganda huinyonya na kuirudisha kwenye maziwa wiki nzima. Steelwire nayo hula ganda. Na tafadhali usijaribu kufukiza dumu la plastiki kwa kijinga, kama wafanyavyo wengine wanaotaka ladha ya kibuyu kwa bei ya dumu. Plastiki huyeyuka na kinachonukia hapo ni sumu. Sufuria ya bati au chuma yaweza kufukizwa, ila moshi haushiki kwenye chuma na harufu haifiki hata kesho.

Kibuyu kisichotumika kwa zaidi ya wiki, kioshe, kikaushe siku mbili, kifukize mzunguko mmoja na usikitoe unga wa kaa. Kitundike kifuniko kikiwa wazi, karibu na moshi wa jiko ikiwezekana, ili bungua asikizoee. Siku ya kukirudisha kazini, mwaga unga huo wa zamani, kisuuze kwa maji ya moto, kianike, na ukifukize upya kabla ya kutia maziwa.